Wakili na Daktari Wanaojitegemea: Soma Kwanza, Lipa Baadaye

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa na alisome polepole, asimame kila kichwa cha habari, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Hamjambo ninyi mlioko Kilosa mjini, ninyi wa Mikumi, na ninyi wa Ulaya. Naam, nimesema Ulaya. Wasikilizaji wa mbali wasidhani kwamba nawasalimu watu wa ng'ambo ya bahari. Ulaya hii ni ya kwetu. Iko katika Wilaya ya Kilosa, kwenye njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Ina mahindi na mpunga, haina theluji.

Somo la leo lahusu watu wawili ambao kila mmoja wetu huenda akawahitaji siku moja, nao ni wakili na daktari. Sitazungumza juu ya mawakili wote na madaktari wote. Nitazungumza juu ya wale wanaojitegemea, yaani wale wasio na mwajiri. Nataka mjue ni watu gani, kwa nini wapo, na jinsi mtu aliyejifunza kusoma awezavyo kujilinda anapokwenda kwao na fedha zake mkononi.

Kujitegemea ni nini?

Tuchukue mfano wa madaktari watatu. Wa kwanza anafanya kazi katika Hospitali ya Wilaya, Kilosa. Huyu ameajiriwa na Serikali. Wa pili anafanya kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Hospitali hiyo ni ya Kanisa Katoliki, basi mshahara wake hutoka huko. Wa tatu amepanga nyumba, ameweka meza na vitanda, ametundika kibao mlangoni, naye hutibu watu kwa malipo. Huyu wa tatu hana mwajiri. Mwisho wa mwezi hakuna mtu wa kumpa mshahara. Asipopata mgonjwa hapati kitu, na kodi ya nyumba haimsubiri.

Wanasheria nao ni vivyo hivyo. Hakimu hulipwa na Serikali, na mwendesha mashtaka pia. Lakini wakili wa kujitegemea ana ofisi yake, naye hulipwa na yule anayemtetea. Mtu huyo anayetetewa huitwa mteja.

Kazi za namna hii si ngeni kwetu. Mganga wa miti shamba, mhunzi na seremala hawakuwa na mwajiri tangu zamani. Kila mmoja aliishi kwa ujuzi wake na kwa sifa yake. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Seremala akikosea kiti, kiti kitavunjika, nawe utanunua kingine. Daktari akikosea dawa, mtoto hanunuliwi mwingine. Wakili akikosea shauri lako, shamba la babu laweza kupotea. Kwa sababu hiyo sheria haimruhusu kila mtu kufanya kazi hizi. Anayejitegemea ameachwa huru na mwajiri, lakini hakuachwa huru na sheria.

Kwa nini tunahitaji wakili asiyeajiriwa na Serikali?

Turudi nyuma hadi mwaka 1958, wakati nchi yetu ikiitwa Tanganyika na ikitawaliwa na Waingereza. Mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa TANU, alishtakiwa mjini Dar es Salaam. Alikuwa ameandika katika gazeti dogo la chama, lililoitwa Sauti ya TANU, maneno ya kuwalaumu Mabwana Shauri wawili. Serikali ilisema maneno yale ni kashfa.

Sasa fikirini, wanafunzi. Aliyeshtaki ni Serikali, na hakimu alilipwa na Serikali. Kama kila mwanasheria nchini angekuwa mtumishi wa Serikali, nani angesimama upande wa Mwalimu? Walisimama mawakili waliokuwa wakijitegemea. Kutoka Uingereza alikuja D. N. Pritt, yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria, Kenya, katika miaka ya 1952 na 1953. Mawakili wa hapa nchini waliosaidiana naye ni K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey.

Je, walishinda? La. Mahakama ilimwona Mwalimu ana hatia, ikamwambia alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Faini ikalipwa, naye akaendelea na kazi yake mpaka nchi ikapata uhuru mwaka 1961. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia: mawakili wazuri walifanya kazi yao yote, na bado hukumu haikwenda upande wao.

Wilaya ya Kilosa nayo yajua thamani ya kuamua mambo kwa sheria. Tarehe 8 Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Ugomvi wa ardhi na malisho ukikosa mahali pa kusemwa ukasikilizwa, watu hushika silaha. Mtu anayejua kuandika shauri lako na kulisema mbele ya baraza, bila kumwogopa yeyote, anasaidia kijiji kizima.

Kwa nini tunahitaji daktari wa kujitegemea?

Habari ya madaktari ni tofauti kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali yetu iliona kuwa ugonjwa si jambo la kufanyia biashara. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyokataza watu binafsi kuendesha hospitali kwa ajili ya faida. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Nia ya sheria ile ilikuwa kwamba maskini wa kijijini apate dawa sawa na tajiri wa mjini.

Lakini miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Fedha za Serikali zilikuwa chache, dawa zikawa haba, na mishahara ya madaktari haikutosha. Mwaka 1991 sheria ile ikarekebishwa, na wataalamu wenye sifa wakaruhusiwa tena kufungua hospitali na zahanati zao. Mmoja wa wale wanaokumbukwa katika kazi hiyo ni Profesa Hubert Kairuki, daktari wa magonjwa ya akina mama. Alianzisha hospitali huko Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1987, na mwaka 1997 akaanzisha chuo kikuu cha kufundisha madaktari na wauguzi. Alifariki mwaka 1999, na chuo hicho leo kinaitwa kwa jina lake.

Msiharakishe kusema kwamba sheria ya 1977 ilikuwa mbaya na ile ya 1991 nzuri. Kila moja ilikuwa na hoja yake. Ni kweli kwamba ugonjwa haumchagui mwenye fedha. Ni kweli pia kwamba mkono mmoja wa Serikali haukutosha kuwafikia wagonjwa wote. Leo tunaishi na mikono yote mitatu: ya Serikali, ya mashirika ya dini, na ya watu binafsi. Kazi yetu ni kujua tunashika mkono gani.

Malipo yake ni ya nini?

Wengine hulalamika wakisema, "Wakili ameandika karatasi mbili tu, akadai fedha ya gunia zima la mchele!" Yafaa tuwe waadilifu. Mtu huyo amesoma shahada ya sheria chuo kikuu, kisha akaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha mwaka 2008. Daktari amesoma miaka mitano chuoni, tena mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa wake. Akishafungua ofisi, hulipa pango, karani, leseni na kodi ya Serikali. Akiugua, hakuna wa kumlipa siku alizolala. Basi malipo yake si ya karatasi mbili tu. Ni ya miaka ile yote, na ya gharama zile zote.

Lakini haki ina pande mbili. Kama yeye anastahili kulipwa, wewe nawe unastahili kujua unalipa nini, na unamlipa nani. Hapo ndipo kusoma kunapoingia.

Kusoma kwa kwanza: soma jina lake

Wapo watu mitaani waitwao vishoka. Kishoka hajasomea kazi, lakini huvaa koti au tai, hubeba faili, na hujiita wakili au dokta. Huwavizia watu nje ya mahakama, au standi ya mabasi, na kusema, "Mzee, shauri lako dogo hilo. Nipe fedha, mimi nitalimaliza."

Mtamjuaje wakili wa kweli? Wakili wa kweli amekubaliwa na Jaji Mkuu, na jina lake limeandikwa katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama Kuu. Kila mwaka hupata upya cheti cha kumruhusu kufanya kazi. Kwa hiyo haitoshi kuona cheti. Tazama na mwaka ulioandikwa juu yake. Siku hizi Mahakama imeiweka orodha hiyo kwenye intaneti, katika mfumo uitwao e-Wakili. Kijana wako mwenye simu aweza kukutafutia jina. Tena kumbukeni, sheria inamkataza wakili kuwavizia wateja au kutumia wapiga debe. Anayekukimbilia chini ya mwembe wa mahakama amekwisha kujitambulisha mwenyewe.

Kwa upande wa matibabu, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kada nyingine kadhaa za afya zina mabaraza yao. Jueni pia kwamba si kila mwenye koti jeupe ni daktari. Yuko tabibu, yuko muuguzi, yuko mtaalamu wa maabara. Wote ni watu wa maana, lakini kila mmoja ana mpaka wa kazi yake. Na duka la dawa muhimu, ambalo liko katika vijiji vingi, ni mahali pa kuuza dawa zilizoruhusiwa. Si mahali pa kuchomwa sindano wala kulazwa. Zahanati halali ina cheti cha usajili. Kisome, na ukisoma utazame jina, utazame na tarehe.

Akikuambia, "Mimi nimesoma Ulaya," mwambie kwa adabu, "Hata sisi tumesoma Ulaya, Mheshimiwa. Tafadhali tuonyeshe cheti."

Kusoma kwa pili: soma karatasi uliyoandikiwa

Tuseme kuna mkulima wa Ulaya mwenye ekari tatu za urithi, na jirani yake amesogeza mpaka. Mkulima huyo amelipa fedha, naye ameandikiwa karatasi ya madai. Afanye nini kabla ya kutia sahihi au dole gumba?

Kwanza atazame chini ya karatasi. Sheria ya Mawakili yataka mtu aliyeiandaa hati aandike jina lake na anwani yake juu ya hati hiyo. Kishoka hupenda kuacha mahali hapo wazi, au hukuambia ujiandike wewe mwenyewe kuwa ndiye mwandishi. Pasipo na jina, usitie sahihi.

Pili, aisome habari yenyewe. Je, jina la kijiji ni sawa? Ekari ni tatu, au zimeandikwa thelathini? Mpaka ni mto au ni barabara? Zamani mtu angeweza kusema, "Ni Kiingereza, mimi sijui." Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na sasa lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, ingawa Kiingereza kinaweza kutumika pale haki inapodai. Hii ni lugha yako, mwanafunzi. Ni lugha unayojifunza kuisoma katika darasa hili. Karatasi ikiwa ya Kiingereza, omba ufasiriwe neno kwa neno mbele ya mtu unayemwamini.

Tatu, ajue njia ya shauri. Ugomvi wa ardhi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021, Baraza la Kata kazi yake katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Mkishindwa kupatana, ndipo shauri liende kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akidai fedha nyingi akupeleke moja kwa moja mbele, muulize kwa nini anaruka ngazi.

Kusoma kwa tatu: soma bei, na udai stakabadhi

Ulizeni bei kabla ya kazi, siyo baada yake. Mwulize wakili: "Fedha hii ni ya kuandika tu, au ni pamoja na kusimama barazani? Nauli ni juu ya nani? Tukikata rufaa, tutaanza kulipa upya?" Mkipatana, mapatano yaandikwe, nawe ubaki na nakala. Kila ukilipa, dai stakabadhi, na uitunze mahali pasipofikiwa na panya wala mvua. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa daktari nako ulizeni: "Kumwona daktari ni kiasi gani? Kipimo ni kiasi gani? Dawa je?" Kuuliza si ujinga. Ombeni pia karatasi yenye jina la ugonjwa na la dawa. Ikiwa mtoto atapelekwa kesho yake Kilosa au Mikumi, daktari wa pili atahitaji kujua wa kwanza alimpa nini. Karatasi hiyo yaweza kuokoa maisha.

Hapa narudi kwenye shauri la mwaka 1958. Mliona kwamba mawakili watatu hodari hawakuweza kuiahidi TANU ushindi. Basi mtu akikuambia, "Lazima utashinda, hakimu ni rafiki yangu," mkimbie. Ama anakudanganya, ama anataka uwe mtoa rushwa pamoja naye, na sheria itawashika wote wawili. Na anayesema dawa yake huponya kila ugonjwa, naye ni ndugu yake yule. Mtaalamu wa kweli huahidi kufanya kazi yake vizuri. Mwisho wa shauri na mwisho wa ugonjwa haviko mkononi mwake peke yake.

Na asiye na fedha?

Msiuze ng'ombe wala mbegu kabla ya kuuliza kama kuna msaada wa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili, lakini wamefundishwa, na huduma yao ni bila malipo. Wao hueleza sheria, husaidia watu kupatana, na huonyesha njia ya kufuata. Kila halmashauri ina Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii, waulizeni hao. Kwa upande wa matibabu, sera ya Serikali ni kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya Serikali. Mama asiogope kuuliza.

Na mtaalamu wa kweli akikukosea, akachukua fedha yako asifanye kazi, usinyamaze. Malalamiko juu ya wakili hupelekwa kwa Kamati ya Mawakili. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Huko wanaweza kumwonya, kumsimamisha, au kumfuta kabisa katika orodha. Lakini watakuuliza, "Jina lake nani? Ulilipa lini? Karatasi iko wapi?" Aliyesoma na kutunza atajibu. Na kishoka hana Kamati wala Baraza, maana hakuandikwa popote. Ukimpa fedha leo, kesho hutajua umshtaki nani. Huyo umpeleke polisi mapema, kabla hajahama mtaa.

Mwisho, wazazi, huenda mtoto wako anayesoma hapo shuleni siku moja atakuwa wakili au daktari, na ataweka kibao chake Kilosa au Mikumi. Mfundisheni tangu sasa kwamba kujitegemea ni kuaminiwa. Mtu asiye na mwajiri hana wa kumwamsha asubuhi wala wa kumkagua jioni, isipokuwa sheria, dhamiri yake, na ninyi mnaosoma karatasi zake.

Kwaherini, na juma lijalo tukutane tena.

Maneno ya kujifunza

Mteja: mtu anayelipa ili afanyiwe kazi.
Leseni: ruhusa iliyoandikwa ya kufanya kazi fulani.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kuwa fedha imepokewa, wengi huiita risiti.
Kishoka: mtu anayejifanya mtaalamu naye si mtaalamu.
Rufaa: kupeleka shauri mbele ya mahakama ya juu zaidi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Daktari wa Hospitali ya Wilaya na daktari mwenye zahanati yake wanatofautianaje?
2. Kwa nini ilifaa Mwalimu Nyerere atetewe mwaka 1958 na mawakili wasioajiriwa na Serikali?
3. Taja hoja moja ya sheria ya 1977 na hoja moja ya badiliko la 1991. Wewe waonaje?
4. Ni mambo gani matatu utakayosoma kabla ya kumlipa wakili au daktari?
5. Zoezi la kuandika: Andika stakabadhi ya shilingi 20,000 uliyomlipa mtu akuandikie barua ya madai. Weka tarehe, jina la aliyelipa, jina la aliyepokea, kazi iliyolipiwa, na sahihi. Mpe mwenzako aisome, akuonyeshe kilichosahauliwa.